Rafu ya Nyuma ya Kaunta

Mwezi wa kwanza Kariakoo hapapitiki. Kila mzazi wa Dar es Salaam ameshika karatasi ya shule: madaftari dazeni mbili, kaunta buku nne, mkebe, rimu ya karatasi, ufagio wa chelewa, na shule nyingine siku hizi zinataka hata ndoo. Mwaka huo nami nilikuwa na karatasi yangu, ya binti yangu aliyekuwa anaingia darasa la tano, nimesimama kwenye foleni ya fremu moja nyembamba ambayo sikuwahi kuiona, ingawa mtaa ule nimeupita miaka. Mlangoni yamening'inia mabegi yenye picha za katuni. Ndani madaftari yamepangwa mpaka yanakaribia kugusa feni.

Foleni iliposogea nikaona kitu kisicholingana na duka. Nyuma ya mama mwenye duka, juu kidogo ya kichwa chake, kuna rafu moja ya mbao yenye vitabu kama thelathini, vyembamba na vinene, vya migongo ya kila rangi. Si vya kiada. Vya kiada vimerundikwa sakafuni kwa mafungu. Kwenye ukingo wa ile mbao kimebanwa kwa pini kipande cha boksi la viatu, kimeandikwa kwa peni ya bluu, herufi za mtu aliyezoea kuandika ubaoni: USIKIANZE USIKU KAMA KESHO UNA KAZI.

"Shikamoo mama. Hicho cha juu hapo shilingi ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Kesho una kazi?"

Nikacheka. "Ninayo."

"Basi njoo Ijumaa."

Akanihesabia madaftari, akanipa chenji, akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Kariakoo hiyo hiyo nimewahi kuuziwa viatu vyote viwili vya mguu wa kulia. Nimewahi kuuziwa simu mpya kabisa ambayo nilipofungua boksi nyumbani nilikuta mche wa sabuni. Kukataliwa kuuziwa kitu, na hela ninayo mkononi, ilikuwa mara ya kwanza.

Ijumaa nikarudi, kwa ubishi zaidi kuliko hamu ya kusoma. Akakishusha kwa mikono miwili, akakifuta vumbi kwa ncha ya khanga, akasema elfu kumi na tano, haipungui. Kilikuwa *Mungu Hakopeshwa*, riwaya ya Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar. Nikapanda mwendokasi pale Gerezani, nikapata kiti cha dirishani, nikafungua. Mimi nashuka Kibo. Nilipoinua kichwa gari lilikuwa tupu, injini imezimwa, na mhudumu ananigongea kioo: "Mzee, Kimara hapa, mwisho." Nilikuwa bado nimo ndani ya nyumba ya watu, nyumba inayoendeshwa kwa mabavu ya baba mwenye mali, na nilikuwa nimekasirika kana kwamba yule baba ni jirani yangu. Nikalipa nauli ya kurudi.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba riwaya ile ilishinda Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell mwaka 2018. Nikaenda kumuuliza mama kwa nini kadi yake haikusema hivyo.

"Tuzo kapewa mwandishi," akajibu. "Wewe kadi inakuambia yatakayokupata wewe."

Tangu siku ile nanunua kwake riwaya saba, nane kwa mwaka. Mimi ni karani wa forodha, kazi yangu ni makontena na karatasi za makontena, na sina shahada ya fasihi. Ninachotaka kusimulia ni namna riwaya mpya ya Kiswahili inavyomfikia mtu kama mimi. Nimechunguza sana njia hiyo, na ninavyoona ni moja tu: mtu aliyeisoma anamwambia mtu anayemfahamu.

Mama yule alifundisha Kiswahili sekondari mpaka alipostaafu. Mafao yake ndiyo yaliyofungua fremu. Hana udanganyifu kuhusu biashara yake: kinacholipa kodi ya pango ni madaftari, na mapato ya Januari na Julai ndiyo yanayoilisha ile rafu miezi kumi iliyobaki. "Ile pale ni mbuzi wangu wa maziwa," aliniambia siku moja akiionyesha kwa kidole. "Ila anakunywa maziwa kuliko anavyotoa."

Vitabu vya rafu ile vinafika kwa njia mbili tatu. Vingine anavifuata mwenyewe kwa wachapishaji, hasa Mkuki na Nyota, kampuni aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991 baada ya kuiongoza Tanzania Publishing House kwa miaka mingi. Vingine vinakuja na basi kutoka mikoani. Vingi vinakuja begani mwa mwandishi mwenyewe: kijana amejichapishia nakala mia tano kwa mkopo wa kikundi, amezunguka mjini tangu asubuhi, shati limelowa, anafika pale na kusema, mama naomba nikuachie tano, mali kauli.

Mali kauli wafanyabiashara wote wanaijua. Unaacha mzigo, unaondoka na maneno. Mama ana daftari lake la jambo hilo, kaunta buku yenye jalada jeusi: jina la kitabu, simu ya mwandishi, idadi, tarehe. Kikiuzwa anachukua asilimia 30, kinachobaki anakituma kwa simu siku hiyo hiyo. Kisipouzwa kinarudi kwa mwenyewe na vumbi lake. Hasara yake kwenye kitabu kibaya, ukipiga hesabu, ni nafasi ya sentimita mbili kwenye mbao. Hata hivyo hapokei hata kimoja bila kukisoma kwanza. "Niachie kimoja, njoo Jumatatu." Waandishi wengi hili linawaudhi. Nimemshuhudia mmoja akichukua begi lake na kuondoka akisema yeye hakuja kufanya mtihani.

Anavikataa vingi, na sababu zake hazina uprofesa. Kimoja alikikataa kwa sababu mjomba aliyezikwa ukurasa wa 40 alikuwa anakunywa chai ukurasa wa 90. Kingine, kila mwanamke anapotokea anaelezwa nyonga kabla ya jina. Kingine kimeandikwa vizuri kabisa, ila mwandishi anamshika msomaji mkono kila sura na kumwambia alichopaswa kujifunza. "Huyu anadhani ananihubiria. Mimi nimekaa ubaoni miaka thelathini, nahubiriwa na nani?"

Niliwahi kumwuliza kwa nini asipokee tu, auze, mradi hela haikutoka mfukoni mwake. Alikuwa anakata karatasi za kufunikia vitabu, hakuinua macho. "Wewe Januari si unarudi kununua madaftari?"

Tangu hapo naona lile jibu linaeleza mengi. Kuna wakati nilisoma jinsi mambo yanavyokwenda kwa wenzetu. Uingereza, maduka makubwa yalizoea kuwatoza wachapishaji ili kitabu kikae dirishani au kwenye meza ya mbele. James Daunt aliposhika usukani wa Waterstones mwaka 2011 akaikomesha desturi hiyo. Maana yake, kwa miaka yote ile msomaji aliyekuwa anaingia dukani na kuvutiwa na kitabu cha mbele alikuwa anavutiwa na bajeti ya mtu. Marekani nako, wauza vitabu wa kujitegemea kupitia chama chao, American Booksellers Association, hutoa kila mwezi orodha ya vitabu vipya walivyovipenda wenyewe, na chini ya kila kimoja maneno machache ya muuzaji na jina la duka lake. Mtindo huo ulianza mwaka 1999, maduka makubwa na mtandao vilipokuwa vimeshawakaba koo. Niliposoma habari hiyo niliona kile kipande cha boksi la viatu. Tofauti ni kwamba wale wana chama, wana orodha iliyochapwa na wana wateja wanaoisubiri. Mama yangu ana pini, peni na mimi.

Nairobi wana bahati zaidi kidogo kuliko sisi kwa hili. Nilipopelekwa kule kikazi nilitenga jioni mbili. Duka la Nuria limejijengea jina kwa kubeba vitabu vya Wakenya wanaojichapishia, watu ambao duka la kawaida lingewaambia waje mwezi ujao mpaka wachoke. Soma Nami nao wamejikita kwenye vitabu vya Kiafrika. Nilitoka na begi zito na malalamiko mawili. La kwanza ni kodi: Kenya vitabu vinatozwa VAT ya asilimia 16 tangu sheria ya 2013, na ukikaa kaunta unaisikia. La pili linauma zaidi. Kila nilipouliza riwaya mpya za Kiswahili niliona mkono wa muuzaji ukisita, halafu unanipeleka kwenye vitabu vya shule.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo, kwao na kwetu. Riwaya ya Kiswahili ikiingia kwenye mtaala inaishi milele. Ukitaja *Takadini* au *Watoto wa Mama N'tilie* mbele ya Mtanzania yeyote aliyemaliza kidato cha nne, atakutajia wahusika, dhamira na ujumbe kwa mpangilio wa kujibia mtihani, na pengine atakuambia hajasoma riwaya nyingine tangu siku hiyo. Isipoingia, inachapwa nakala chache, inazinduliwa kwa keki na mgeni rasmi, na mwaka unaofuata hata ndugu wa mwandishi hawaikumbuki. Katikati ya milele na kusahaulika hakuna kitu. Hiyo katikati ndiyo rafu ya mama.

Siku moja niliisifu shule mbele yake, kwamba angalau inatusomesha. Akaniambia habari ya *Rosa Mistika* ya Kezilahabi. Ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa kusema wazi yale yanayowapata wasichana, na miaka ikapita mpaka ikaja kufundishwa. Yeye aliisoma chuoni, wakati wa minong'ono, nakala iliyofunikwa gazeti, imepita mikono mingi mpaka kona za kurasa zimekuwa laini kama kitambaa. Aliyempa hakumwambia inahusu nini. Alimwambia, "Kesho asubuhi iwe kwangu." Akaisoma kwa mwanga wa korido. Nadhani biashara yake yote imetoka kwenye sentensi ile, na hata kadi za boksi ni ile sentensi anaiandika upya kila mara.

(Kwenye hafla moja ya Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai, nilisikiliza hotuba tano za kuikuza lugha yetu adhimu. Nikatoka nje kutafuta kitabu cha kununua. Palikuwa na fulana, kofia na miavuli.)

Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Nobel, mama alipata wateja ambao hakuwahi kuwaona. Watu wenye suti, wanafunzi wa chuo, dereva mmoja wa bajaji. Wote wanataka kitabu cha yule Mzanzibari. Na hakuwa na cha kuwapa, kwa sababu kwa Kiswahili hakikuwepo hata kimoja. Mtu kazaliwa Unguja mwaka 1948, anaandika habari za pwani yetu, za misafara ya bara na maduka ya Wahindi na harufu ya gati, na mtu wa Kariakoo hawezi kumsoma ila aazime lugha. "Niliona aibu kama mwenye nyumba aliyepata mgeni na jiko halina moto," alisema.

Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Miaka 28. Mama akachukua nakala kumi kwa pesa taslimu, jambo ambalo halifanyi, na kadi yake nairudia kichwani hadi leo: BABA ANA DENI. MTOTO NDIYE ANAYELIPA. Basi. Hakuweka Nobel, wala jina la mwandishi hakuliandika kwa herufi kubwa. Mimi ninayeshinda bandarini nikitazama mali za watu zikizuiwa mpaka deni lilipwe, niliisoma habari ya Yusuf, kijana wa miaka 12 anayechukuliwa na mfanyabiashara Aziz, na sikuweza kuifanya kazi yangu kesho yake bila kumfikiria. Nilipomrudia mama nikamwambia nimesahau kabisa kwamba ni tafsiri. Akasema yeye alisoma kurasa za mwanzo kwa sauti, peke yake, milango ya duka imefungwa, kupima kama zinasimama. "Zimesimama," akasema. "Pengine wametafsiri cha Kiingereza tu, hiki ndicho kilichotangulia."

Filamu nayo humletea watu. Amil Shivji alipoitoa *Vuta N'kuvute* mwaka 2021, vijana walianza kuja kuulizia "kile cha filamu". Ni riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, wala si mpya, lakini kwa kijana wa miaka 20 ambaye hakuipitia kidato cha sita ni mpya kabisa, na mama haoni haja ya kumsahihisha.

Nisije nikamfanya malaika. Amenipotosha mara mbili. Ya kwanza ilikuwa riwaya ya mpelelezi, kadi inasema UTAMJUA MUUAJI NA UTAKATAA. Nilimjua ukurasa wa 12 na wala sikukataa. Nikaenda kudai hela yangu. Mama akakifungua nyuma, akaona nimekunja ukurasa wa mwisho.

"Umekula sahani yote ndiyo unasema chumvi imezidi?"

Hakunirudishia hata mia. Ila wiki iliyofuata nilikuta kadi ya pili imebanwa chini ya ile ya kwanza, ndogo zaidi: MTEJA MMOJA AMEKASIRIKA. Kitabu kile kiliisha ndani ya siku nne. Mara ya pili ni ya mapenzi, na sitaki kuizungumzia.

Ana udhaifu wake mwingine. Hapendi riwaya za majini na mambo ya kutisha, hivyo kwake hazipo, na kuna waandishi wazuri wa aina hiyo ambao mimi nimewajulia kwenye simu. Simu nayo ni ulimwengu mzima. Vijana wa ofisini kwetu wanasoma hadithi za vipande vipande kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu ya kwanza mpaka ya tano bure, ya sita unalipia kwa lipa namba. Mwandishi anaachia kipande usiku, asubuhi watu wanagombana kwenye lifti kuhusu nani kamzalia nani. Wasomi wanaibeza. Mimi nimesoma vipande hivyo na naona mtu anayeweza kumfanya msomaji alipie sehemu ya 43 anajua kitu ambacho washindi wengine wa tuzo hawajui. Kinachokosekana ni mhariri. Mama alisema hivyo hivyo. Wawili kati ya waliopo kwenye rafu yake walitoka huko: aliwaita, akawaambia wakiweza kupunguza nusu ya maneno atawapa nafasi ya mbele. Mmoja alipunguza. Wa pili alileta yote, akaongeza na shairi.

Wateja nao ni mtihani. Swali la kwanza la Mtanzania mbele ya riwaya ni "inafundisha nini?" Tumelelewa hivyo, hadithi lazima itoke na funzo kama kuku anavyotoka na yai. Nimemsikia mama akilijibu kwa namna nyingi, kutegemea na siku. Kwa mwanafunzi: "Inafundisha Kiswahili." Kwa mzee aliyekuwa anamnunulia mkewe: "Inafundisha kukaa kimya saa nne." Kwa kijana mmoja mwenye kitabu cha namna ya kutajirika chini ya kwapa, kopi ile ya kuuzwa kwenye foleni za magari, wino umekolea upande mmoja, alimjibu, "Inafundisha namna ya kumaliza elfu kumi na tano." Akacheka, akanunua.

Mzigo wake siku hizi unafika mbali zaidi ya Kariakoo. Anaweka picha ya kadi kwenye status, bila picha ya kitabu, kadi peke yake, na watu wanamwandikia kukiulizia. Jioni utamwona anafunga vifurushi kwa gazeti na nailoni, anaandika kwa makapeni jina, simu, Songea au Mwanza, na chini yake VITABU – MSILOWESHE. Kijana wa bodaboda anavikimbiza kwenye mabasi. Yuko mteja wake Muscat, mama mtu mzima mwenye asili ya Unguja, ambaye kila akipata msafiri anaagiza vitano kwa mpigo na masharti yake ni mamoja: vya kulia viwili, vya kucheka viwili, na kimoja utakachonichagulia.

Tuzo zimesaidia, sikatai. Tangu 2023 ipo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na vijana wanaitolea jasho. Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014 na ndiyo iliyotuletea majina mengi ya rafu hii. Lakini tuzo inatolewa usiku mmoja, picha zinapigwa, na kesho yake kitabu kinahitaji mahali pa kulala. Nimeingia maduka makubwa ya mjini nikitaja mshindi wa mwaka ule ule, nikaulizwa kama ni cha darasa la ngapi.

Mwezi uliopita nilimkuta anaumwa mafua, miwani imeteleza puani, na kwenye kaunta kuna nakala tano za riwaya ya kijana mmoja wa Tanga aliyejichapishia. Jalada lake baya, sitaficha: machweo, mnazi, na sura ya mwanamke analia angani. Akanisukumia moja.

"Macho yangu wiki hii hayafai. Kasome wewe. Ikifaa, niandikie kadi."

Nilipokea kama mtu aliyekabidhiwa funguo za ghala. Nikaisoma kwenda na kurudi, siku mbili, nimesimama kwa mkono mmoja kwenye bomba la mwendokasi. Ni habari ya mabaharia wawili na redio moja, na zaidi ya hapo sisemi. Jumamosi usiku nikakaa mezani na kipande cha boksi la viatu vya binti yangu. Niliandika mistari minane. Nilieleza lugha yake, nikaeleza bahari yake, nikamlinganisha na wakubwa wawili, nikasifia sura ya saba, na kwenye mstari wa mwisho, kwa utani, nikaweka yaliyonikuta Alhamisi.

Mama akaisoma kadi yangu mara mbili. Halafu akafungua droo, akatoa mkasi wa kukatia karatasi za vitabu, akaanza kukata kutoka juu. Lugha ikaanguka kwenye kaunta. Bahari ikaanguka. Wakubwa wote wawili wakaanguka, na sura ya saba juu yao. Akabakiwa na ukanda mwembamba kama wa rula, akaupuliza, akapanda kigoda na kuubana kwa pini chini ya kile kitabu chenye jalada baya.

NASHUKA KIBO. NILISHUKIA KIMARA.

Aliposhuka kwenye kigoda palikuwa na dada mmoja mlangoni, begi la ofisini begani, amekuja kuulizia bahasha. Akainua macho, akasoma, akacheka kwa pua.

"Mama, hicho kinahusu nini?"

Mama akanigeukia, akaninyooshea mkono kama anayemkaribisha mgeni kusema. Nakala zilikuwa tano asubuhi ile. Jioni nilipompigia kumjulia hali ya mafua, alisema zimebaki mbili na kijana wa Tanga yuko njiani na nyingine.